Injini ya Mtumba: Namna ya Kuitambua na Kuirekebisha

Mji wa Kibaha, mkoani Pwani, una nafasi yake katika historia ya ufundi wa magari nchini Tanzania. Hapo ndipo lilipo Shirika la Nyumbu, lililoanzishwa mwaka 1985 kwa ajili ya utafiti na uundaji wa magari. Hata hivyo, ufundi hauishii katika taasisi kubwa. Katika karakana ndogo, fundi huweza kuifunga injini ya pikipiki ya mtumba kwenye fremu aliyoichomelea mwenyewe, akapata guta la kubebea muhogo kutoka mashamba ya Kisarawe.

Injini hiyo huenda ikagharimu akiba ya msimu mzima. Basi fundi asiyeijua injini yake, akaanza kukaza na kulegeza skrubu za kabureta kwa kubahatisha, huweza kuipoteza akiba hiyo kwa siku moja. Sharti injini itambuliwe kwanza, ndipo irekebishwe.

Kuitambua injini

Kazi ya kwanza ni kusoma alama zilizogongwa kwenye kasha la injini. Injini nyingi ndogo zilizoundwa Uchina huwa na alama kama 162FMJ, ikifuatwa na namba ya injini yenyewe. Tarakimu 1 ina maana ya silinda moja. Tarakimu 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Herufi F huonyesha kwamba injini hupozwa kwa hewa, M kwamba ni ya pikipiki, na J kwamba ujazo wake ni wa daraja la sentimita za ujazo 150. Alama 156FMI ni ya injini ya daraja la 125, ambayo asili ya umbo lake ni Honda CG125 ya miaka ya 1970.

Namba ya injini huandikwa pia kwenye kadi ya usajili. Injini ambayo namba yake imefutwa, au haiafikiani na kadi, haifai kununuliwa hata ikiwa rahisi kiasi gani, kwa kuwa huenda ni mali ya wizi.

Lakini alama husema jinsi injini ilivyozaliwa tu. Kipimo ndicho kisemacho jinsi ilivyo leo. Huenda silinda imekwisha badilishwa. Kifuniko cha silinda kikifunguliwa, kipenyo hupimwa kwa kalipa. Kisha hupimwa kina cha pistoni ikiwa juu kabisa na ikiwa chini kabisa. Tofauti yake ndiyo mwendo wa pistoni. Ujazo hupatikana kwa kanuni ya mcheduara ambayo kila mwanafunzi wa sekondari anaifahamu. Kipenyo cha milimita 62 na mwendo wa milimita 49.5 hutoa sentimita za ujazo 149.4. Kipenyo kikiwa milimita 56.5, ujazo huwa 124.1 tu. Mnunuzi aliyelipia injini ya 150 atakuwa amepunjwa takriban sehemu moja ya sita.

Kuirekebisha

Utaratibu una maana kubwa hapa. Kwanza hupimwa mgandamizo wa silinda. Ukiwa hafifu, oili kidogo humiminwa katika tundu la plagi na kipimo hurudiwa. Mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni zimelika. Usipopanda, yafaa kuchunguza valvu. Pili, mianya ya valvu husawazishwa injini ikiwa baridi, kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji. Tatu, huchunguzwa cheche ya plagi na chujio la hewa.

Kabureta huja mwisho. Gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 15 za hewa ili iungue yote. Baada ya guta kupanda kilima na mzigo, injini huzimwa, na ikiisha poa plagi hufunguliwa. Masizi meusi makavu ni dalili ya petroli nyingi. Rangi ya kahawia hafifu huonyesha mchanganyiko mzuri. Weupe ni onyo kwamba petroli ni chache na joto limezidi, na pistoni huweza kuyeyuka. Kazi hii na ifanyike mahali penye hewa ya kutosha, kwani moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu isiyo na harufu.

Endapo guta bado linashindwa kupanda vilima vya Kisarawe, kosa huenda si la injini. Sproketi ya mbele ya meno 15 ikibadilishwa kwa ya meno 14, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu huongezeka kwa takriban asilimia 7, na mwendo kasi hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Hakuna kinachopatikana bure katika mashine. Hali kadhalika, breki za pikipiki hazikukusudiwa kuzuia tani ya muhogo mteremkoni. Nazo sharti zihesabiwe.

Walimu wa sekondari, wawe Kibaha, Minaki au kwingineko, wanaweza kuifanya injini moja iliyoharibika kuwa somo. Ndani yake mna hisabati, fizikia na kemia. Na kijana aliyejifunza kupima kabla ya kufungua skrubu hatadanganywa kwa urahisi na muuzaji.