Kupima Dawa Isiyooza Majini

Mtu akitaka kujua kama maji yana chumvi huyaonja, na akitaka kujua kama yana matope huyaacha katika bilauri mpaka asubuhi. Lakini iko jamii ya dawa za viwandani ambayo hata ikiwamo majini huioni wala huionji. Kwa kifupi huitwa PFAS.

Katika dawa hizi kaboni imeshikana na florini, na mshikano huo ni katika migumu kabisa inayojulikana katika kemia. Kwa sababu hiyo zilipendwa: zimetiwa katika vikaango visivyogandisha chakula, katika makoti ya mvua, na katika povu la kuzimia moto wa petroli kwenye viwanja vya ndege. Kwa sababu hiyo hiyo hazitoki upesi zikiisha kuingia mtoni au mwilini. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba moja yao, PFOA, huleta saratani kwa binadamu.

Aliyeziona kwanza katika damu ya watu hakuwa akizitafuta. Mwaka 1968 Donald Taves, wa Rochester huko Marekani, alikuwa akipima florini. Alipopima majimaji ya damu jinsi yalivyo alipata kiasi fulani; alipoyachoma yakawa majivu, akapata zaidi. Mwingine angedhani amekosea hesabu. Yeye alisema iko florini ya namna mbili, na moja imefungwa ndani ya kitu kingine. Mwaka 1976 yeye pamoja na Guy na Brey walionyesha kwamba kitu hicho kinafanana na PFOA.

Siku hizi kwa kawaida hawachomi. Maji hupitishwa katika kichujio kinachonasa PFAS, kisha hutolewa humo kwa spiriti kidogo. Mashine ya kwanza huzitenganisha katika bomba jembamba, kila moja ikatoka kwa zamu yake. Ya pili huzitia umeme, hupima uzito wa chembe, huivunja, na kupima vipande. Chembe ya PFOS ina uzito wa 499, na kipande chake kimoja 80. Je, haiwezi kudanganya? Yaweza! Katika ini na mayai iko asidi ya nyongo yenye uzito ulio karibu sana na huo, nayo hutoa kipande cha 80 vile vile. Basi mpimaji mwangalifu hutazama na kipande cha 99.

Mwaka 2024 Marekani iliweka mpaka wa nanogramu 4 za PFOA katika lita moja ya maji ya kunywa. Chukua kijiko kidogo cha sukari, gramu 4 hivi, ukigawe katika malori 100,000, kila lori likiwa na lita 10,000 za maji: ndicho kiasi hicho.

Kwa udogo huo, hata koti la mvua la mpimaji laweza kuharibu kazi. Hivyo hulivua, wala hatumii chombo chenye Teflon. Tena huchukua chupa ya maji yaliyokwisha kuhakikishwa kuwa safi, akayamimina katika chupa nyingine pale pale mtoni, nayo hupimwa pamoja na zile za mto. Hiyo ikionekana ina PFAS, majibu ya siku ile hayaaminiki, na mpimaji hana budi kurudi mtoni.