Kazi ya Mnadharia ni Kupunguza Shaka

Mwaka 1968, mwanafizikia John Bahcall, mkewe Neta na mwenzao Giora Shaviv walichapisha namba mbili kuhusu Jua: 7.5, na pembeni yake 3. Ya kwanza ilikadiria, kwa kipimo maalumu cha wanafizikia, ni kwa kasi gani chembe za Jua ziitwazo nyutrino zingenaswa na pipa kubwa lililowekwa ndani kabisa ya mgodi. Ya pili ilieleza makadirio hayo yangeweza kukosea kwa kiasi gani, juu au chini. Msomaji wa kawaida huishika namba ya kwanza na kuipita ya pili. Bahcall alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akiishughulikia hiyo ya pili.

Hakuanzia kwenye fizikia. Alizaliwa mwaka 1934 Shreveport, Louisiana, akaingia chuo kusoma falsafa huku akifikiria kuwa rabi. Alipohamia Berkeley alilazimika kusoma somo la sayansi ili ahitimu, na fizikia ikamteka. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1956, ya uzamili Chicago mwaka uliofuata, na ya uzamivu Harvard mwaka 1961. Baada ya muda mfupi Indiana alikwenda Caltech, kwenye kundi la William Fowler, bingwa wa miitikio ya nyuklia ndani ya nyota.

Swali la wakati huo lilikuwa hili: tunajuaje kwamba Jua linawaka kwa kuunganisha viini vya hidrojeni kuwa heli? Mwanga hauwezi kutoa ushahidi wa moja kwa moja, kwani nishati inayozaliwa katikati ya Jua hugongana na maada kwa maelfu ya miaka kabla ya kufika juu. Nyutrino ni tofauti. Haina chaji, uzito wake ni mdogo mno, na karibu haigusani na kitu chochote. Ikizaliwa katikati ya Jua hutoka papo hapo, ikatufikia baada ya dakika 8 na ushei.

Sifa hiyo hiyo ndiyo inayoifanya iwe vigumu kuinasa. Mkemia Raymond Davis wa maabara ya Brookhaven alitaka kutumia klorini, kwa sababu mara chache sana nyutrino huigonga atomu ya klorini na kuigeuza kuwa agoni. Je, mara hizo zingetosha kuhalalisha gharama za jaribio? Mwaka 1963, Bahcall alipokuwa akitoa mhadhara Copenhagen, mwanafizikia Ben Mottelson alimwuliza kuhusu viwango vya juu vya nishati katika kiini cha agoni. Bahcall alirudi kwenye hesabu, akakuta kwamba viwango hivyo vinaongeza uwezekano wa kunasa nyutrino zenye nishati kubwa kwa karibu mara 20. Mwaka 1964 yeye na Davis walichapisha makala mbili zilizofuatana, nadharia na jaribio, na mradi ukapata nguvu.

Davis aliweka lita zipatazo 380,000 za kimiminika chenye klorini, kile ambacho madobi hutumia kusafishia nguo zisizofuliwa kwa maji, katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, karibu kilomita 1.5 chini ya ardhi. Kila baada ya wiki kadhaa alipitisha gesi ya heli humo ili kukusanya atomu chache za agoni zilizozaliwa. Matokeo ya kwanza, mwaka ule ule wa 1968, hayakuzidi 3. Vipimo vya miaka iliyofuata vilitulia kwenye theluthi moja ya kile alichotabiri Bahcall.

Hapo pana watuhumiwa watatu: jaribio, nadharia ya Jua, au nyutrino yenyewe. Wengi walimnyooshea kidole mnadharia, na walikuwa na sababu. Nyingi kati ya nyutrino ambazo Davis angeweza kuzinasa hutoka kwenye boroni-8, tawi dogo sana la miitikio ya Jua linalotegemea mno joto. Joto la katikati likipanda kwa asilimia 1 tu, nyutrino hizo huongezeka kwa takriban robo. Kosa dogo katika umbile la Jua lingetosha kuharibu utabiri wote.

Bahcall, ambaye tangu 1971 alikuwa profesa katika Institute for Advanced Study mjini Princeton, hakujibu kwa kutetea 7.5. Alikagua kila kilichoingia katika hesabu: kasi za miitikio ya nyuklia zilizopimwa maabara, wingi wa elementi nzito, na jinsi maada ya Jua inavyozuia mwanga. Kila kipimo kipya kilipotoka, alirudia hesabu. Mwaka 1988 yeye na Roger Ulrich waliunda kwa kompyuta Jua 1,000, kila moja likiwa na vipimo vilivyosogezwa ndani ya mipaka ya shaka, ili waone jibu linatawanyika kiasi gani. Katika miaka ya 1990, mawimbi ya sauti yanayotikisa uso wa Jua yalionyesha kwamba kasi ya sauti ndani yake inalingana na hesabu za Bahcall kwa tofauti isiyofika asilimia 1.

Nadharia ya Jua ikiwa imepita mtihani huo, macho yaligeukia nyutrino. Ziko za aina tatu. Jua huzalisha aina moja tu, na klorini hunasa hiyo peke yake. Mwanafizikia Bruno Pontecorvo alikuwa amependekeza tangu 1957 kwamba nyutrino zaweza kubadilika zikiwa njiani. Kituo cha Sudbury, Kanada, kilitumia tani 1,000 za maji mazito, yanayowezesha kuhesabu aina zote tatu. Mwaka 2002 kilitangaza jumla ya nyutrino za boroni-8: milioni 5.09 kwa sentimita mraba kila sekunde. Utabiri wa Bahcall ulikuwa milioni 5.05.

Sasa tazama ile namba ya 1968. Katika hesabu ya mwaka 2000, utabiri kwa pipa la Davis ulikuwa 7.6. Baada ya zaidi ya miaka 30, jibu lilikuwa karibu pale pale, ila kiasi cha shaka kilikuwa kimeshuka kutoka 3 hadi kama 1.3. Shaka ikiwa 3, pengo la Davis lingeweza kuelezwa na Jua lisiloeleweka vizuri. Ilipobanwa, kisingizio hicho kikaisha, na fizikia ikalazimika kukubali kwamba nyutrino hubadilika, hivyo zina uzito, jambo ambalo nadharia sanifu ya chembe haikulitarajia.

Davis alipata Nobel mwaka 2002. Bahcall, aliyefariki mwaka 2005, hakuipata. Lakini namba ya Davis peke yake isingethibitisha lolote kuhusu nyutrino. Ilihitaji mtu wa kusema, kwa mipaka iliyo wazi, zilitakiwa kuwa ngapi. Kwa hiyo ukikutana na utabiri wowote wa kisayansi, wa mvua, wa ugonjwa au wa nyota, itafute namba ya pembeni. Isipokuwepo, huna njia ya kujua utabiri huo umekosea lini.