Pikapu au Prado? Pima mzigo wako kabla ya kupima mfuko

Je, msomaji, gari lako dogo limeanza kukushinda? Watoto wamekuwa wakubwa, nyanya yao huko mashambani anatarajia kuwaona kila Desemba, na kile kipande cha barabara kutoka lami hadi bomani hakipitiki mvua ikinyesha. Hapo ndipo mabishano huzuka mezani. Baba anataka pikapu ya kubebea mbolea na viazi. Mama anataka gari kubwa lililofunikwa, lenye viti vya kila mtu. Kila mmoja ana sababu zake, na uamuzi huo unaweza kumeza karo ya miaka kadhaa.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba magari haya ni ndugu. Toyota Fortuner limejengwa juu ya chasisi ya jamii moja na ya Hilux. Isuzu MU-X ni ndugu ya D-Max, nalo Ford Everest ni ndugu ya Ranger. Yote yana fremu nzito ya chuma iliyo kama ngazi, ambayo bodi huwekwa juu yake. Kwa hivyo usidanganyike kwamba moja ni la kazi na jingine ni la maringo tu. Tofauti zipo, lakini ziko kwingine.

Starehe na usalama

Chungulia chini ya Hilux upande wa nyuma. Utaona springi za mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Hizo zimetengenezwa kuhimili mzigo wa karibu tani moja. Pikapu ikiwa tupu, hurukaruka kwenye matuta, na nyuma yake huwa nyepesi hivi kwamba huteleza kwa urahisi kwenye lami yenye maji. Prado na Fortuner zina springi za koili huko nyuma, ambazo humtuliza abiria.

Aidha, Prado husukumwa na magurudumu yote manne wakati wote, kwenye lami na kwenye matope. Katika pikapu nyingi, dereva ndiye huamua kuyatia magurudumu ya mbele kazini anapofika penye matope. Akisahau kuyaondoa na aendelee hivyo kwenye lami kavu, vyuma hukazana na kuharibika. Mwambie hivyo yeyote utakayemwazima gari lako.

Lakini la muhimu zaidi ni abiria. Pikapu ya vyumba viwili, ile ya dabo-kebu, ina viti vitano pekee. Prado na Fortuner huweza kuwa na saba. Familia ya watu saba ikinunua pikapu, tunajua kitakachotokea: watoto watapandishwa nyuma pamoja na magunia. Huko hakuna mkanda wala paa, na breki moja ya ghafla yatosha kuwatupa barabarani. Ikiwa hesabu ya watu wako inapita watano, mjadala wa pikapu umekwisha.

Bei na ushuru

Magari mengi yaliyotumika tunayoyanunua hutoka Japani kupitia Mombasa, na sheria hairuhusu lililozidi miaka minane. Prado ni tele huko Japani. Hilux je? Toyota iliacha kuiuza nchini humo mwaka 2004, ikairudisha 2017. Ndiyo maana pikapu iliyotumika kutoka Japani ni adimu, na ile iliyo hapa nchini haishuki bei upesi. Wengi hununua mpya, kama vile D-Max inayounganishwa Nairobi, au ile iliyokwisha kutumika humu humu.

Sasa shika kalamu. Tuseme gari la Prado la petroli la lita 2.7 limekadiriwa na forodha kuwa la thamani ya Sh1,000,000. Kwa viwango vya mwaka 2025, ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni Sh350,000. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, yaani Sh337,500. Halafu VAT ya asilimia 16 kwa jumla mpya, Sh270,000. Ongeza ada ya uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, utapata Sh1,002,500. Umelinunua gari mara mbili!

Likiwa la dizeli la lita 2.8, ushuru wa bidhaa huwa asilimia 35, na jumla hufika Sh1,159,100. Dizeli itakurudishia kitu kwenye pampu ikiwa husafiri mara kwa mara. Ukiliegesha wiki nzima, huenda usiione faida hiyo.

Mwenye biashara aliyesajiliwa kwa VAT akumbuke pia kwamba sheria haimruhusu kudai VAT aliyolipia gari la abiria. Pikapu ya mizigo ni jambo jingine, ila kwa dabo-kebu muulize mhasibu wako kwanza. Isitoshe, pikapu huhesabiwa kuwa gari la biashara, kwa hivyo jitayarishe kwa ukaguzi wa kila mwaka.

Kabla ya kulipa

Hilux na Prado za kabla ya 2015 zenye injini ya dizeli ya lita 3.0 hutumia mshipi wa mpira kuendesha sehemu za ndani, nao hubadilishwa kila kilomita 150,000 hivi. Ukikatika, injini huharibika vibaya. Zile za lita 2.8 zilizofuata hutumia mnyororo. Muulize muuzaji mshipi ulibadilishwa lini, na umwombe stakabadhi. Chasisi nayo ikaguliwe na fundi wako, si wake.

Basi keti na mwenzako muandike mambo mawili: ni watu wangapi husafiri pamoja, na ni mizigo mingapi hubebwa kwa mwaka. Kama ni magunia kila juma na watu watano au wachache, pikapu itajilipa. Kama ni magunia ya Desemba pekee, nunua gari la watu na ukodi pikapu siku hiyo moja. Magunia yana usafiri mwingine. Watoto wako hawafai kuwa mizigo.