Damu yaweza kufichua ubongo wa kichanga ulioumia

MAMA anapojifungua, wote waliomzunguka hungoja sauti moja tu: kilio cha mtoto. Kisiposikika, mkunga humpangusa mtoto ili ashtuke, na asipopumua humpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Dakika ya kwanza ina thamani kuliko zote.

Wengi huzinduka. Hata hivyo mama hubaki na swali: je, ubongo wa mwanangu umesalimika?

Hatari hii hutokea kondo la nyuma linapobanduka mapema, kitovu kinapobanwa au uchungu unaporefuka kupita kiasi. Ubongo ukikosa oksijeni, chembe zake huanza kufa. Mtoto akishapata hewa huweza kuonekana ametulia, kumbe saa chache baadaye wimbi la pili la madhara linaanza. Anayenusurika anaweza kubaki na mtindio wa ubongo, kifafa au ulemavu wa kusikia.

Dalili zinazofanana

Mjini Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoanzishwa mwaka 1989 kimechunguza maradhi ya watoto kwa miaka mingi. Mwaka 2010, Dkt. Michael Mwaniki na wenzake walichapisha utafiti kuhusu vichanga waliolazwa hospitalini humo wakiwa na degedege, hali ambayo Wamijikenda wengi huiita nyama wa dzulu. Visa vingi vilihusiana na maambukizo katika damu. Vilivyofuata ni vya ubongo uliodhurika wakati wa kuzaliwa.

Kwa macho watoto hao hufanana, lakini mahitaji yao hayafanani. Ndiyo sababu wataalamu wanatafuta jibu ndani ya damu.

Damu inasemaje?

Chembe za ubongo zinapoumia huvujisha protini ambazo kwa kawaida hukaa ndani yake. GFAP hutoka katika chembe zinazotegemeza neva. UCH-L1 na tau hutoka katika neva zenyewe. Dalili ya mvua ni mawingu: kadiri protini hizo zinavyozidi katika damu, ndivyo madhara yanavyoelekea kuwa makubwa. Baadhi hupanda mapema na kushuka, nyingine huendelea kupanda kwa siku kadhaa.

Umuhimu wake unaonekana katika tiba ya kumpoza mtoto hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, ambayo lazima ianze ndani ya saa 6. Katika nchi tajiri imeokoa wengi. Lakini jaribio la HELIX lililofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh kwa watoto 408, na kuchapishwa mwaka 2021, lilionyesha kinyume: asilimia 42 ya waliopozwa walifariki, dhidi ya 31 ya wasiopozwa. Watafiti wanashuku kuwa wengi wao walikuwa wameumia muda mrefu kabla ya kuzaliwa. Kipimo cha kuonyesha jeraha ni la lini na ni kubwa kiasi gani kingesaidia kujua nani atafaidika na nani atadhurika.

Bado hakuna kipimo cha damu kinachotosha peke yake kuamua tiba. Matokeo lazima yapatikane haraka, na kwa mtoto aliyezaliwa kijijini Ganze au Magarini, saa 6 huweza kwisha akiwa njiani. Kwa hiyo madaktari hutegemea dalili: mtoto kulegea, kushindwa kunyonya, kutoamka na kupata degedege.

La kufanya

Mama mja mzito ahudhurie kliniki na ajifungulie hospitalini. Asingoje akitokwa na damu, mtoto akipunguza kucheza tumboni, au chupa ikipasuka na maji yakawa ya kijani.

Iwapo mtoto alichelewa kulia, mzazi amweleze muuguzi kila anapompeleka kliniki. Mtoto wa miezi minne asiyeweza kuinua shingo, anayekakamaa viungo au asiyeshtuliwa na sauti apelekwe kwa daktari mara moja. Mazoezi ya viungo yakianza mapema humsaidia. Asifichwe nyumbani.