Kuujaribu Mchezo wa Kompyuta

Wengi hudhani kuwa kujaribu mchezo wa kompyuta ni kucheza tu. Sivyo. Mimi na mwenzangu tulitunga bao la kompyuta. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Basi kila baada ya mchezo mmoja tulizihesabu, za mashimoni na za mkononi. Mara tukapata 63! Moja ilipotea zilipopinda kichwani, penye shimo la mwisho. Wazee wa Dodoma wangalitucheka. Tuliposahihisha, tulirudia majaribio yote, maana kuondoa kosa moja huweza kuzaa jingine. Mipaka nayo ijaribiwe: Pac-Man, mchezo wa Japani wa mwaka 1980, huharibika katika hatua ya 256, kwa kuwa kihesabu chake hakipiti 255.