Vocha ya wifi yachelewesha anwani mpya Turkana

Kila kifaa kinachoingia kwenye intaneti huhitaji anwani ya IP, namba inayoonyesha data ipelekwe wapi. Anwani za toleo la nne, lililowekwa rasmi mwaka 1981, ni bilioni 4.3 hivi, na akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. AFRINIC, taasisi ya Mauritius inayogawa anwani barani Afrika, ilibaki na kiasi kidogo. Tangu Januari 2020 mwombaji hapati zaidi ya 1,024 kwa mkupuo. Toleo la sita lina anwani nyingi mno kuweza kwisha, lakini matoleo haya mawili hayaelewani bila mkalimani katikati.

Katika kaunti ya Turkana nchini Kenya, kwenye miji ya Lodwar na Kakuma na wadi ya Lopur iliyo jirani na Kakuma, uhaba huo haumfikii mteja moja kwa moja. Mteja wa wifi hununua vocha ya saa au ya siku, hulipa kwa M-Pesa, huandika namba kwenye ukurasa unaojifungua kwenye simu, na ujumbe wa WhatsApp uliokwama tangu asubuhi huanza kumiminika. Nyuma ya kaunta, ruta imempa anwani inayoanza na 192.168, isiyo na maana yoyote nje ya duka hilo. Wateja wote hutoka kwa anwani moja, na mara nyingi hata hiyo si ya muuzaji: kampuni inayomuuzia intaneti nayo imewafungasha wateja wake kwa mamia nyuma ya anwani chache.

Kasoro hujitokeza kazi inapozidi kupiga soga. Kamera ya ulinzi ya stoo ya Kakuma haifikiki moja kwa moja kutoka Nairobi. Kijana anayefanya kazi za mtandaoni hutakiwa kila mara kuthibitisha kwamba si roboti, kwa sababu mtu mwingine wa anwani ileile amechafua jina. Anayetaka seva yake kwenye mitambo ya Amazon hulipia kila anwani ya zamani nusu senti ya dola kwa saa, ada iliyoanza Februari 2024.

Ajabu ni kwamba anwani mpya huenda tayari zinafika hadi paani. Starlink, iliyoanza huduma Kenya Julai 2023, huwapa wateja anwani za toleo la sita pamoja na zile za kugawana. Serikali nayo imekuwa ikitandaza mkongo wa intaneti kutoka Eldoret hadi Nadapal, kando ya barabara inayopita Lodwar na Kakuma. Simu za miaka ya karibuni haziwi kikwazo: tangu Juni 2016 Apple hudai kila programu ya iPhone ifanye kazi hata penye toleo la sita pekee.

Kinachokwamisha ni sanduku la pesa. Ruta za MikroTik hupendwa na wauzaji wadogo kwa kuwa ni za bei nafuu na zina mfumo wa vocha ndani yake. Mfumo huo hutegemea anwani za toleo la nne. Mtengenezaji mwenyewe anaeleza kwamba haufanyi kazi ya uhakika kwa la sita. Muuzaji akiwasha anwani mpya ovyo, data inaweza kupita pembeni ya vocha, na mteja akatazama video bure. Kwa biashara inayohesabu shilingi kumi kumi, kuzizima ni busara, si ujinga.

Kampuni ya simu ya Jio ya India iliepuka mtego huo kwa kuanza huduma mwaka 2016 ikiwa na toleo la sita tangu siku ya kwanza, huku mtambo wa kutafsiri ukihudumia tovuti zilizobaki nyuma. Duka la Lodwar halina mtaji wa mtambo kama huo, ila lina njia ya kati: wateja wa kudumu, kama ofisi, zahanati na shule, huunganishwa kwa akaunti ya kila mwezi ya PPPoE (njia ya kuingia kwa jina na nenosiri), ambayo hubeba matoleo yote mawili bila kuvuruga malipo. Hao ndio wanaoweza kuhamishwa kwanza. Wa vocha watabaki kwenye 192.168 hadi mfumo wa kuwatoza ubadilike.