Mgahawa wa Wabudha: Nyama hakuna, chumvi ipo

Kila mwaka wafanyabiashara wengi kutoka Afrika Mashariki huenda Guangzhou, China, kufuata mizigo. Wapo pia vijana wetu wanaosoma huko kwa miaka kadhaa. Kama wewe ni mmoja wao, au una mwanao huko, bila shaka umewahi kuulizana na wenzako: tutakula nini? Mwislamu anaogopa nguruwe, mwenye kisukari anaogopa sukari, na mzazi mwenye mtoto wa aleji anaogopa kila sahani asiyoijua. Wengi huishia kula biskuti na soda chumbani, tena wakati wanatumia dawa za presha au za sukari.

Wiki hii nakuelekeza sehemu moja ya kula ambayo wageni wengi huipita bila kuijua: mgahawa wa Wabudha. Humo hawapiki nyama wala samaki, kwa sababu dini yao inawakataza kuua kiumbe. Baadhi ya migahawa hii iko ndani ya mahekalu au jirani nayo. Hekalu la Dafo, karibu na mtaa wa maduka wa Beijing katikati ya Guangzhou, ni mojawapo ya yenye sehemu yake ya chakula. Huulizwi dini yako mlangoni. Bei huwa nafuu kwa sababu vinavyopikwa ni mboga, uyoga, maharage ya soya na ngano. Mingi ni ya kujipakulia: ama unalipa bei moja na kula ushibe, ama sahani yako inawekwa kwenye mizani.

Utauona kwa herufi inayotamkwa "su". Mwombe mwenyeji akuandikie kwenye simu. Huenda pia ukakuta alama ya msalaba uliokunjwa miguu ukashtuka ukidhani ni ya Wanazi. Usiogope, Wabudha waliitumia zamani sana kabla ya Hitler kuzaliwa. Na usiende siku ya kwanza au ya 15 ya mwezi mwandamo wa Kichina kama hupendi foleni, maana siku hizo hata Wachina wanaokula nyama huacha kwa ajili ya ibada.

Kwa Mwislamu, faida inaonekana mara moja: hakuna nguruwe wala mafuta yake, ambayo katika migahawa mingine ya Guangdong huweza kuwa hata ndani ya mboga za majani. Pombe nayo Wabudha wanaoshika dini huikwepa. Hilo si cheti cha halali, na uamuzi nakuachia wewe.

Sasa tuje kwenye sahani, maana hapa ndipo mgonjwa anapodanganyika. Mtu akisikia "hakuna nyama" anaona amepona, anajaza.

Wapishi wa Kibudha hawatumii vitunguu maji, vitunguu saumu, jamii ya vitunguu vya majani, wala mvuje, ule wenye harufu kali ambao wazee wa pwani wanaujua. Wanaamini vinachochea hasira na matamanio. Ladha inatoka wapi basi? Kwenye tangawizi, uyoga uliokaushwa, mafuta ya ufuta na, zaidi ya vyote, sosi ya soya. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi hiyo kina chumvi ya takriban gramu 2. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku nzima. Mwenye presha, moyo au figo akimwagia sosi juu ya chakula ambacho tayari kimepikwa nayo, anaweza kuimaliza chumvi ya siku kwa mlo mmoja. Usiongeze sosi mezani, acha mchuzi chini ya bakuli, na chagua mboga zilizochemshwa au kupikwa kwa mvuke kuliko zile za rangi ya kahawia zinazong'aa.

Utakuta pia "bata", "kuku" na "nyama ya ng'ombe". Usimkasirikie mpishi, si nyama. Nyingine ni soya, nyingine ni ngano: donge la unga huoshwa kwenye maji hadi wanga utoke, kinachobaki ni protini inayoitwa gluteni, inayovutika kama mpira. Kwa mtu mzima mwenye afya haina shida, ingawa mara nyingi hukaangwa na kuungwa chumvi nyingi. Kwa mwenye aleji ya ngano, au ugonjwa wa siliaki ambao gluteni huharibu utumbo, hiyo ndiyo sahani mbaya kuliko zote mezani, na sura yake haikuonyi. Sosi ya soya ya kawaida nayo ina ngano.

Mimi ningekushauri tofu. Ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, kama tunavyogandisha jibini, na tofu ngumu ya gramu 100 hukupa protini ya gramu 8 au zaidi, zaidi ya yai moja. Chagua isiyokaangwa. Mwenye kisukari ajaze nusu ya sahani kwa mboga za majani na uyoga, robo tofu, robo wali. Magimbi na mizizi ya yungiyungi, ile yenye matundu, usiihesabu kama mboga. Ni wanga, ipunguzie kwenye ile robo ya wali. Michuzi yenye ladha ya tamu na chachu ina sukari, iache. Kama figo zako zina tatizo, kiasi cha soya, uyoga na mboga kipangwe na daktari wako kabla ya safari. Na anayetumia warfarin asibadili ghafla kiasi cha mboga za kijani alichozoea, maana vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Mzazi wa mtoto mwenye aleji ya karanga, soya au ufuta, kwako sina maneno laini: chakula cha kujipakulia katika mgahawa huu kinaweza kuwa hatari. Vyote vitatu hutumika sana jikoni humo, mafuta ya karanga ni ya kawaida Guangdong, na kijiko kimoja huhamishwa kutoka trei hadi trei. Kuandika aleji yake kwa Kichina ni vizuri, lakini hakuzuii kijiko kuhamishwa. Mtafutie wali mtupu na matunda unayomenya mwenyewe. Midomo ikivimba, sauti ikikwama, akianza kukoroma kifuani au kutapika mfululizo baada ya kula, mchome sindano ya adrenalini kama mmepewa, kisha piga 120, namba ya gari la wagonjwa nchini China.

Kwa wengine, mlo mmoja au wiki nzima humo haina neno. Wasiwasi wangu ni kwa kijana anayesoma huko, aliyegundua kuwa humo chakula ni rahisi, akakifanya cha kila siku kwa miaka mitatu. Vitamini B12 inapatikana kwa uhakika kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Tofu na uyoga visikuhadae. Ini hutunza akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu huja kimyakimya: uchovu, ganzi miguuni na mikononi, kusahau, kuyumba unapotembea. Mwenye kisukari anayetumia metformin huishiwa mapema zaidi kwa sababu dawa hiyo hupunguza ufyonzaji wa B12. Kijana huyo ale mayai na maziwa sehemu nyingine, au atumie vidonge vya B12. Na chai inayomiminwa mezani tangu unapokaa, ainywe saa moja baada ya chakula, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye mboga.

Mama anayenyonyesha na hali kabisa vitu vya wanyama asisubiri dalili zake mwenyewe. Mtoto wake hana akiba ya miaka. Ndani ya miezi michache anaweza kuwa mlegevu, kukataa kunyonya, kuacha kucheka, au kushindwa kukaa wakati alishaanza kukaa. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ukifika, mwambie daktari kwamba mama hali nyama, mayai wala maziwa. Asipojua, anaweza kutoa vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki peke yake, kipimo cha damu kikapanda na kila mtu akafurahi, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika.